Gitaa la Lusenge Linaponyamaza

BUTEMBO, 2002. Kwanza unasikika mkwaruzo, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Mkwaruzo unapanda, unanguruma, unauma. Kisha, katikati ya mwendo, unakatika. Kimya.

"Courant imekwisha!" anapiga kelele mwanamume mwenye baiskeli iliyotoboka gurudumu. "Fundi, betri yako imekufa!"

Wateja wenzake wanacheka, wamekaa juu ya magunia ya maharagwe yaliyoshushwa kutoka Kipese. Ni saa sita mchana na soko limejaa. Ndani ya kibanda, Lusenge hacheki. Kiganja chake kimelala juu ya nyuzi, kichwa amekiinamisha upande wa mlango kama mtu anayesubiri kupigiwa hodi. Halafu anaanza tena, palepale alipoachia, kwa nguvu zaidi.

Lusenge ana miaka ishirini na saba na ni fundi wa baiskeli. Siku ambayo barabara ya Beni imefungwa na risasi, baiskeli hazipiti na chungu hakiinjikwi.

Gitaa amelichonga mwenyewe kutoka ubao wa mlango. Nyuzi ni nyaya za breki alizozifumua. Spika ya redio kuukuu imechanika, kwa hiyo kila noti hutoka na jeraha lake. Katika mji ambao kila baa inadai rumba, yeye anapiga rock, na hamwombi mtu radhi.

Aliukuta muziki huo akiwa bado mvulana, kwenye kaseti isiyo na jina iliyoachwa na mnunuzi wa kahawa. Yeye na rafiki yake Kakule, mpigaji wa besi, waliiga kila kitu, hata kikohozi cha mtu kilichosikika mwisho wa kaseti.

"Tulikuwa photocopie tu," anasema. "Batu banasema, eh, munapiga sawa bazungu! Sisi tunafurahi. Mais muziki yetu sisi ilikuwa wapi? Haikuwa."

Yao ilizaliwa na woga. Mwaka 2000 walikuwa wakifanya mazoezi Mavivi, pembezoni mwa Beni, uani kwa mama yake Kakule. Vita vilikuwa vimeshafika mashambani. Majirani wakaja juu: kwa kelele zile, nani angewasikia watu wenye silaha wakitoka porini?

Mama huyo, Mama Emérence, mjane na muuza mawese, hakuwafukuza vijana. Aliwapa sharti.

"Niliwaambia: pigeni, mais munyamaze kila mara, na sisi tusikie inje," anasema. "Kama inje iko muzuri, endeleeni."

Wakajifunza hivyo. Kupiga, kubana nyuzi, kusikiliza, kuendelea. Mwanzoni waliona ni adhabu. Taratibu wakaanza kuutunga muziki kuuzunguka ule ukimya: kuupandia kama ukuta, kisha kurukia upande wa pili. Hakuna kaseti iliyokuwa na kitu kama hicho.

"Siku moja Kakule ananiambia: petit, mudogo yangu, hii sasa ni yetu."

Jioni moja ya Agosti, ndani ya ukimya huo, vijiti vilivunjika nyuma ya migomba. Kila mtu alisikia. Familia zote za pale zilikimbilia upande wa uwanja wa ndege, na zote zilifika salama. Kakule alikuwa pamoja nazo. Halafu akarudi kuchukua besi yake.

Hakuonekana tena. Wala besi haikuonekana.

"Nilimushika shati, ikapasuka," anasema Lusenge. "Akasema, nakuya sasa hivi." Anaokota bisibisi, anairudisha chini bila kuitumia. "Basi, nikinyamaza, batu banacheka. Bacheke. Miye bado naskilizaka."

Wiki iliyopita alipata alichokililia tangu siku za kaseti ile. Redio moja ya mjini, ambayo mawimbi yake yanafika Beni na hata Kyavinyonge ziwani, imekubali kumrekodi. Ila sehemu za kimya zijazwe.

Hippolyte, fundi mitambo wa redio hiyo aliyetoka Kinshasa, alikuja mwenyewe kibandani kumsihi.

"Petit, kwa redio kimya iko hatari! Station ikinyamaza, batu banasema imekamatwa na batu ba silaha. Banaacha nyama kwa moto, banakimbia. Umesahau mwaka jana?"

Lusenge hajasahau. Mwaka jana jenereta ya redio ilizima kwa muda mfupi tu, na soko zima likafunga mizigo.

"Weka hata gitaa ya pili pale, kidogo tu. Nani atajua?"

"Miye."

"Wewe hata redio hauna!"

Hata Lusenge alicheka. Hippolyte si mtu mbaya, na hapo ndipo panapouma: sababu yake imetoka katika vita vilevile. Anataka jibu kesho. Redio nyingine ya kupokea rock mjini hapa haipo.

Leo Mama Emérence amefika na madumu yake ya mawese, kama afanyavyo kila barabara inapofunguka. Ameketi juu ya tairi kuukuu. Amesikiliza wimbo wote, na kimya chote.

"Banasema utapita kwa redio," anaanza.

"Ndiyo, njo vile banasema, mama."

"Huko Mavivi nitasikia?"

"Utasikia. Na jirani bote."

Anafuta mafuta mikononi kwa kitenge. "Na pale pa kusikiliza, banataka uweke nini?"

"Gitaa ingine."

"Ya nani?"

Juu ya magunia, wateja wanageukia kibandani. Mwenye baiskeli iliyotoboka anatazama chini. Lusenge analaza kiganja juu ya nyuzi, ingawa hapigi chochote.

"Ya hakuna mutu, mama," anasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kesho nitamwambia Hippolyte: kama inapita, inapita na kimya yake. Kama hapana, nitakuya Mavivi, nitapiga kwako uani, na wewe utasikiliza inje. Nakuapia mbele ya hawa batu. Pale pa Kakule, hakuna mutu atapiga."