Bonge la Mlangoni

Wanafunzi walimwita Mlamba Vigae, tena bila kunong'ona. Haki yao. Mtu akimpelekea kipande cha chungu kilichotoka ardhini, kabla hata ya kuuliza kimetoka wapi, yule mama alikigusa kwa ncha ya ulimi. Kikinata, udongo wake bado unafyonza maji. Kikiteleza, umeiva sawasawa motoni. Baada ya hapo ndipo alipovaa miwani na kuanza kuwa profesa.

Kazi yake ilikuwa vyombo vya miji ya Waislamu wa kale, mabakuli na sahani za miaka mia saba au mia nane iliyopita, zile zenye kipako cha samawati kinachong'aa kama kioo. Alikata vigae kwa msumeno mdogo, akavisugua mpaka vikapitisha mwanga, kisha akavitazama kwa hadubini achunguze mchanga uliomo. Mama yake mzazi alikufa bila kuielewa kazi hiyo. "Wenyewe walivitupa," alizoea kusema, "wewe unavitakia nini?" Swali zuri, na profesa hakuwahi kulijibu.

Maabara yake ilikuwa chumba cha chini chenye sinki lililopasuka na mlango mzito wa chuma. Mlango huo ulijifunga wenyewe kwa kishindo, na kila ulipojibamiza hadubini ilitetemeka, na profesa naye. Kwa hiyo aliuzuia kwa bonge moja kubwa kama kichwa cha mbuzi, limeganda udongo na chokaa kila upande, baya kulitazama. Bonge hilo alipewa na wifi yake.

Hapa ndipo penye matatizo. Wanaume wamejaa duniani, lakini Mlamba Vigae alikwenda kuolewa na kaka wa mchimbaji wa mambo ya kale. Wifi alichimba, yeye alichunguza, na tangu harusini hawakuwahi kukubaliana jambo lolote zaidi ya kwamba bwana harusi alivaa viatu vibaya. Wifi alishikilia kwamba mabakuli ya samawati yalitengenezwa papa hapa, bondeni anakochimba. Mlamba Vigae alishikilia kwamba yaliletwa na wafanyabiashara kutoka mbali, na ndivyo alivyoandika katika kitabu kilichompa uprofesa, kwa sababu mchanga wa mabakuli hayo haukufanana kabisa na mchanga wa mto wa bondeni.

"Mfinyanzi alikuwa na miguu, wifi," yule mwenzake alimwambia siku moja mezani, mbele ya wakwe. "Na punda pia. Hakuweza kwenda kuchukua mchanga kwingine?"

"Basi nionyeshe tanuri lake."

"Nalitafuta."

"Endelea kutafuta. Sisi tuko hapa, tunakula."

Mume alijifanya kiziwi. Ndoa yake ilikuwa salama kwa sababu hiyo tu.

Muda si mrefu baadaye, Wifi alishuka maabara na lile bonge mikononi, akalibwaga mezani. "Limetoka shimoni kwangu. Lilambe, si ndiyo kazi yako?" Watu wakacheka. Mlamba Vigae hakucheka. Katika maisha yake yote ya kazi, hicho ndicho kitu pekee kutoka ardhini ambacho alikataa kukigusa kwa ulimi. Alilishusha sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni, na mlango ukatulia. Wifi hakukanyaga tena chumba kile. Alipouliza habari zake, aliambiwa, "Lipo kazini," na kusema kweli halikuwa uongo.

Miaka ikapita, tanuri halikuonekana, na wakubwa wa chuo wakachoka kugharamia mashimo. Kamati ikapanga kuamua kama uchimbaji wa bondeni ufungwe moja kwa moja. Wakamwomba Mlamba Vigae maoni ya kitaalamu, na maoni aliyaandika haraka kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Mashimo yafungwe. Alikuwa hata akiimba alipoyabeba asubuhi ile kuyapeleka juu. Kwa furaha hiyo hakutazama chini, akalipiga bonge teke la nguvu.

Alitukana maneno ambayo hayaandikiki. Alipoinama kushika kidole, akaona ukoko wa chokaa umebanduka, na chini yake pana samawati.

Akaketi sakafuni. Akalipangusa bonge kwa gauni lake, akatema mate kidogo, akapangusa tena. Ukatokea mdomo wa bakuli, na ndani yake mdomo wa bakuli la pili, yote mawili yamepindana na kushikana kwa kipako kilichoyeyuka motoni. Akalilamba. Hakuwa na haja, macho yalishamwambia, lakini alikuwa anadaiwa na wifi yake.

Nani apakie punda mabakuli yaliyoharibika tanurini, avuke nayo nusu ya dunia? Kitu kama hicho hutupwa palepale kilipoharibikia. Tanuri lilikuwa bondeni. Na kitabu chake, mkate wake na fahari yake, kilikuwa kimekosea tangu ukurasa wa kwanza.

Tusimpake asali: alifikiria kulirudisha mlangoni. Alilitazama bonge, akautazama mlango, na moyo ukamuuma kweli. Kisha akayachana maoni yake, akalibeba bonge kifuani, akapanda ngazi akichechemea.

Wifi alikuwa ameketi mwisho wa meza ya kamati kama mtu aliyekuja kusomewa hukumu. Mlamba Vigae akalitua bonge mbele yake.

"Msifunge," aliiambia kamati. "Alikuwa sahihi. Mimi nimekosea kitabu kizima."

Wifi akaligeuza bonge taratibu, akakiona kipako. "Hili si lile nililokupa? Lilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wangu. Nilikuwa nikizuia mlango kwalo, wifi."

Wifi akalikumbatia bonge. Machozi yakamtoka, kisha kicheko, kisha vyote pamoja, na mwenyekiti wa kamati akaahirisha kikao.

Uchimbaji uliendelea na tanuri likapatikana, umbali wa mkono mmoja tu kutoka shimo la zamani. Siku hizi bonge limo katika kabati la kioo la makumbusho, na maelezo yake yaliandikwa na Wifi mwenyewe: "Mabakuli mawili yaliyogandana tanurini. Ushahidi wa kwanza wa ufinyanzi wa bondeni. Baadaye yalitumiwa na mtaalamu kuzuia mlango."

Mkurugenzi alitaka sentensi ya mwisho ifutwe. Mlamba Vigae akamkatalia katakata. Amestaafu, na siku nyingine huenda kukaa kwenye benchi mbele ya kabati lile, na Wifi pembeni yake, wakibishana juu ya jambo jingine. Watoto wa shule wakisoma maelezo na kuuliza mtaalamu gani huyo mjinga, Wifi huanza kuinua kidole amwonyeshe, lakini mwenzake huwa ameshanyoosha mkono juu.