Jioni Ambayo Fundi Kipisi Hakuitika

Jina la Kipisi alibandikwa kazini siku ya kwanza kabisa, maana kichwa chake kiliishia kwenye mfuko wa shati la bosi. Hakulikataa. Alisema tu, "Niiteni Kipisi, ila mbele muanze na Fundi." Wakacheka, wakadhani anatania. Hakuwa anatania, na aliyesahau hilo Fundi hakuitikiwa, hata kama jengo zima liko gizani.

Na ufundi alikuwa nao, tena wa kuotea mbali. Mafundi umeme wenye mabega mapana walikwama kwenye tundu la dari, miguu inaning'inia, wanapiga kelele wavutwe. Yeye aliingia mzimamzima, bisibisi mdomoni, akatambaa kwenye vumbi na waya zake, akatokea upande wa pili nywele nyeupe kama kamwagiwa unga, amenuna kwa sababu chai yake imepoa.

Sasa mtu huyohuyo, jua likianza kuzama, aligeuzwa mtoto. Sauti ya mama yake ilitoka jikoni: "Njoo." Neno moja tu. Popote alipokuwa, bafuni, mlangoni anaongea na mtu, katikati ya kicheko, aliacha na kwenda. Mama alikuwa amesimama kando ya friji, sindano mkononi, pamba na spiriti mezani. Fundi alipandisha blauzi, akachomwa tumboni, akaambiwa, "Haya, nenda."

Ilianza angali mdogo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, hutoa homoni ya ukuaji. Yake iligoma. Watu hudhani homoni hiyo ni ya kurefusha watoto, na mtoto akishamaliza kurefuka, kwisha habari. Wapi. Mtu mzima naye anaihitaji, kwa misuli, kwa mifupa, kwa nguvu za kuamka na kutaka kufanya jambo. Kipisi alilijua hilo kwa uchungu, maana alipomaliza shule sindano zilisimamishwa. Mwili ukalegea, mafuta yakajaa kiunoni, akashinda kitandani hana hamu hata ya kugombana. Ndugu wakasema mvivu. Madaktari walipompima upya na kumrudishia dawa, baada ya miezi akaweza kubeba ngazi yake mwenyewe begani. Waliomwita mvivu hakuna hata mmoja aliyeomba radhi, na mimi bado nawasubiri.

Tatizo ni kwamba dawa iliporudi, ilirudi mkononi mwa mama. Kipisi aliwahi kuomba ajichome mwenyewe. Mama akasema, "Nife kwanza." Kwa hiyo kazi za mbali, zile ambazo mafundi hulala huko wiki kadhaa, zilimpita. Moja alipewa kijana ambaye Kipisi mwenyewe alimfundisha kushika koleo. Kijana akarudi msimamizi. Kipisi alimpongeza, kisha akaenda kulia ndani ya dari, mahali ambapo hakuna mwingine anayeweza kuingia.

Ndipo kliniki ikaja na habari ya dawa mpya, homoni ileile iliyotengenezwa ikae mwilini muda mrefu, sindano moja kwa wiki. Daktari alimgeukia mama. "Mtoto ataweza kuvumilia mabadiliko?"

"Daktari, niulize mimi," Kipisi akasema. "Mwenye mwili ni mimi, na mtoto unayemsema amefundisha mafundi sita."

Daktari, tumpe haki yake, aliona haya na kugeuza kiti. Akamweleza Kipisi mwenyewe: achague siku moja asiibadilishe ovyo, dawa ikae kwenye friji lakini isigande, damu ipimwe mara kwa mara, na kichwa kikiuma sana au viungo vikivimba asikae kimya. Muuguzi akamfundisha kujichoma. Mama alikaa pembeni amekumbatia mkoba wake.

Wiki hiyohiyo bosi alipata kazi ya kuweka umeme kwenye madarasa mapya ya shule moja ya bweni, mwendo wa siku nzima kutoka pale. Alitaka msimamizi. Kipisi alikubali kabla bosi hajamaliza sentensi.

Sindano ya kwanza ya wiki, Alhamisi, alimwachia mama amchome. Aliona ni heshima, tena ni ya kuagana. Lakini Ijumaa jua lilipoanza kuzama, sauti ikatoka jikoni kama kawaida.

"Njoo."

Kipisi alikuwa ameketi barazani anamenya waya wa taa ya jirani. Akaendelea kumenya.

"We mtoto, nimesema njoo."

Hakunyanyua hata uso. Mjomba wake, kaka wa mama, aliyekuwa akisoma gazeti, alilishusha taratibu ili asipitwe na kitu. Mama akatokea mlangoni. Mkononi ameshika sindano ya zamani, ile ya kila siku, mojawapo ya zilizobaki kwenye friji.

"Kidawa kile hakiwezi kukaa wiki nzima," mama akasema. "Nakuongezea."

"Ya jana inafanya kazi mpaka Alhamisi. Ukiongeza hiyo, unanizidishia dozi. Utaniumiza, mama."

"Mimi? Mimi nikuumize?"

"Anachomwa miaka yote," mjomba akachomekea, "na rafu ya juu bado haifikii."

"Na wewe mjomba unakula kila siku, mbona akili haijanenepa?" Kipisi akamjibu, kisha akasimama kumkabili mama yake. Hajawahi kumkatalia mama kitu, hata mara moja. "Sichomwi. Zirudishe hizo kliniki. Jumatatu naondoka, na dawa yangu nitajichoma mwenyewe."

"Nani kakukuza wewe?"

"Wewe. Na nimekua, mama. Urefu wangu umeishia hapa, lakini nimekua."

Mama aliingia ndani. Masufuria yakapigwa jikoni usiku ule hadi majirani wakakohoa. Jumatatu Kipisi aliondoka na mkoba wa barafu begani, na hakuna aliyetoka kumuaga.

Alhamisi alimaliza kazi mapema, akarudi kwenye chumba alichopewa nyumba ya walimu. Akakuta mtu ameketi kwenye ngazi, viatu vimejaa vumbi, kikapu miguuni. Mama.

"Nimekuja kukuchoma," mama akasema, bila salamu.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani. Kaa pale kitandani."

Kipisi alinawa mikono. Akatoa dawa kwenye friji, akaiweka mezani ipoteze ubaridi, hakufanya haraka. Akapandisha blauzi, akasafisha mahali pake, akachoma. Alipoinua macho alimkuta mama amegeukia ukutani, amefumba macho. Mwanamke huyo aliyechoma sindano zile miaka yote alikuwa hawezi kutazama moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sijawahi kuipenda," mama akauambia ukuta. "Hata siku moja. Nilikuwa nakuita huku naogopa. Nilijua nikisinzia mimi, utalala tena kile kitanda usiamke."

Neno la kuomba radhi lilimfika Kipisi mdomoni, akalimeza, kwa sababu hakuwa amekosa. Akatupa sindano kwenye kopo lake, akafunga kifuniko.

"Basi pumzika, mama. Zamu yako imeisha."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akageuka, akamtazama bintiye kuanzia juu hadi chini kama anampima upya.

"Na Alhamisi ijayo nikitaka kuja?"

"Njoo," Kipisi akasema. "Ila sindano huigusi."