Mkalimani wa Haifa Anayelipwa Kukaa Kimya

Saa tatu asubuhi, mjini Haifa. Itidal Sruji anakaa kwenye kiti chake katika duara, kalamu mkononi: Wayahudi saba upande huu, Wapalestina sita upande ule. Ni majirani wa mtaa mmoja, wanaokutana kila Alhamisi kuzungumza yale ambayo huko nje hayazungumziki. Yeye ni mkalimani wao.

Ila kazi yenyewe, jamani, haipo. Wapalestina wote wana Kiebrania, kizuri au cha sokoni. Myahudi mwenye Kiarabu ni mmoja, nacho ni cha kuombea kahawa. Kiarabu kikianza tu, upande wa pili unatazama saa, basi wasemaji wanaona aibu, wanahamia Kiebrania. Wiki iliyopita, katika kikao cha saa tatu nzima, Itidal alitafsiri kwa dakika kumi na moja. Hulipwa shekeli mia tatu na hamsini, aseme asiseme.

"Pesa ya bure inauma," anasema.

Kinachomuuma zaidi ni Rasmiya, Mpalestina wa duara hilo, fundi cherehani wa miaka sitini na minane. Mwezi uliopita mama huyo alianza kusimulia siku shamba la mizeituni la baba yake lilipochukuliwa. Alisimulia kwa Kiarabu, taratibu. Itidal akaona watu wanapiga miayo, akamnong'oneza aseme Kiebrania, mambo yaende haraka.

Haraka haraka haina baraka. Kiebrania cha Rasmiya ni cha kupimia watu nguo. Akakwama, na Tirtsa wa upande wa Wayahudi, mwanamke mwema kabisa, akawa anamsahihisha kwa upole. Mtu akacheka. Rasmiya naye akacheka, akakatisha hadithi. Hajarudi tena.

Itidal alimfuata nyumbani na sahani ya biskuti za tende, akaomba radhi.

"Mwanangu, sikukasirika," Rasmiya alimjibu. "Lakini baba yangu alikuwa mtu mwenye heshima zake. Mle ndani nimemsimulia kwa lugha ya mtoto wa chekechea. Siku wakiweza kuningoja, niite."

Mkalimani haruhusiwi kusema lake kwenye duara. Aliyemtangulia aliondolewa kwa kosa hilo. Leo Itidal ameamua kulitenda. Mtu wa kwanza akifungua mdomo, atanyoosha mkono, awaombe Wapalestina waseme Kiarabu na Wayahudi wangoje.

Mumewe amemwambia aache ujinga. Itidal analisimulia hilo huku akicheka, kisha anaacha kucheka.

"Wakinifukuza, sawa. Aliyemnyamazisha yule mama si Tirtsa, ni mimi. Na mimi ndiye niliyeletwa pale ili asikike."