Kungoja Teke

Chumba cha upasuaji kizima kilimwita Mama Teke, na jina hilo hakulipata bure. Kazi yake ilikuwa kuwatia wagonjwa usingizi, na kwa vichanga alikuwa na sharti moja: hamtoi mtoto mpira wa kupumulia mpaka ainue miguu yote miwili na kurusha teke. Macho kufumbuka si hoja, alisema. Dawa ya kulegeza misuli, mtoto mkubwa huimaliza upesi. Kwa kichanga hung'ang'ania kama kupe. Macho yameamka, koo na mbavu bado zimelala. Daktari wa upasuaji alizoea kumtania kwamba siku moja watahamia humo na magodoro.

Asubuhi ile aliletewa kichanga mwenye ngiri. Mama yake, binti mdogo aliyeshika soksi mbili za sufu, hakutaka kumwachia mtoto.

"Akinipiga teke tu, nakuletea umvalishe," Mama Teke akamwambia.

Binti akacheka, akamwachia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama Teke akatoa dawa ya kuzindua misuli, akaanza kungoja. Mlangoni palikuwa na mgonjwa mwingine akivuja damu, na daktari alikwishavua glavu.

"Dada, huyo anakutazama. Unangoja akupe shikamoo?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Mtoto alikuwa amefumbua macho, kidole cha mguu kikitikisika. Akautoa mpira.

Sharti halipimwi siku ya nafasi. Hupimwa siku ya haraka. Kifua kiliinuka kidogo, kikabonyea, kikatulia. Walipofanikiwa kuurudisha mpira, moyo ulikuwa umesimama. Waliubembeleza kwa vidole mpaka daktari mwenyewe akawa analia, wala haukurudi.

Daktari akamnong'oneza kwamba waseme moyo ulikuwa dhaifu tangu tumboni. Nani atajua? Mama Teke alivua kofia, akatoka peke yake.

Binti alisimama alipomwona. Akaitazama ile mikono mitupu, akatazama mlango nyuma yake, ulikuwa umefungwa.

"Amekupiga teke, mama?"

"Hakupiga, mwanangu. Mimi ndiye sikumngoja."

Binti akaketi. Akazivika soksi vidoleni mwake, moja kila mkono, kisha akauinamisha uso ndani yake. Mama Teke akabaki amesimama mbele yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.