Nilimsukuma Mama Mkwe Ndani ya Tembo

Nimekosa, ndugu zangu wasomaji, na kosa lenyewe hata kulitaja naona haya. Nimemsukuma mama mkwe kwa kichwa. Ndani ya tembo!

Tulieni niwaeleze. Nimeposa binti wa watu hapa Ukunda, nimekubaliwa, imebaki kutajiwa siku ya harusi tu. Na kwetu sisi Wadigo, mama mkwe hashikwi hata mkono. Ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha macho, unasema shikamoo, basi.

Ikaja sherehe ya utamaduni wetu, ile ya kuandamana na ngoma hadi Diani. Kikundi chetu kilitengeneza tembo kama wale wa msitu wa Shimba: mwili wa mikeka, masikio ya leso, ndani watu wawili, mmoja miguu ya mbele, mmoja ya nyuma. Siku hiyohiyo mama mkwe akaniagiza nikamwezekee jiko. Nikamtumia salamu kwamba nimeitwa kazi Ramisi, kwenye miwa. Uongo mtupu! Naye akajibu hapana neno, mwenyewe anakwenda Msambweni kumwangalia mgonjwa.

Mwenyekiti wa kikundi aliniambia mbele yuko Bakari, rafiki yangu. Nikaingia nyuma, nikashika kiuno cha aliye mbele, tukatoka.

Lahaula, joto! Sioni kitu, nasikia kayamba na kelele za watoto tu. Na huyo Bakari anacheza ngoma ya sengenya, mimi nataka twende! Nikamsukuma kwa kichwa. "Tembea, mzee wee! Nyonga gani hizo?" Akanipiga teke. Nikamfinya. Jamani, nikamfinya!

Tulipofika mbele ya jukwaa la wageni, tembo akapasuka katikati. Miguu ya mbele ikageuka ije initukane, ikainua mkonga. Mama mkwe! Anatweta, jasho linamtiririka, buibui kalifunga kiunoni.

Kumbe Bakari aliamka na homa, na aliyemshona tembo ni mama mkwe. Hakukubali kazi yake ilale nyumbani, akaingia mwenyewe.

Nikapiga magoti palepale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. Kisha akateremsha mkonga, akatimua mbio, nusu tembo, kuelekea sokoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Desturi si ngumu: ukimgusa mkwe unapeleka mbuzi, aibu inaondoka. Nikapeleka mbuzi. Akarudishwa! Ati mama mkwe hajui habari za tembo, siku ile alikuwa Msambweni. Akionyeshwa video anasema duniani wawili wawili. Akimpokea mbuzi, amekubali kwamba ni yeye aliyekuwa akikata kiuno barabarani. Asipompokea, harusi hakuna.

Mchumba wangu analia. "Mama hataki hata jina lako litajwe," ananiambia. Nami nampenda, wallahi. Mbuzi nimemfunga hapa uani, ameshaumaliza mkia wa tembo.

Kila jioni napita mlangoni kwa mama mkwe, nasema shikamoo. Namsikia anakohoa ndani, lakini marahaba haitoki.

Vijana wenzangu, msiwadanganye wakwe zenu. Na ukiambiwa uingie nyuma ya tembo, funua mkeka kwanza umwone aliye mbele. Mimi sikufunua, na sasa sijui kama nitaoa.

Na wewe mama, najua gazeti hili unasomewa. Mimi siku ile nilikuwa Ramisi. Sikukuona.

Shikamoo.