Sakafu Niliyomjengea Mama Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama mkwe alitaka kurudi kwake Seme, kando ya ziwa. Ili asafiri kwa heshima, niliitia mashua yangu ndogo ya alumini sakafu ya mbao, nikaipigilia misumari mbele hadi nyuma, ikawa kama sebule.

Tulipotoka Kisumu, upande wa nyuma alipokaa ukaanza kuzama. Sakafu ilikuwa kavu, kwa hiyo sikuelewa. Nikadhani ni uzito wake, lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba ni mnene? Nikasogeza gunia la mchele mbele, kisha mke wangu. Nyuma ikazidi kushuka.

“Baba Akinyi, unatafuta nini?” mke wangu akauliza.

“Upepo,” nikajibu.

Mama mkwe akainua macho. “Mwanangu, kama ni mimi, sema.”

“Labda ukisogea kidogo, Mama,” nikanong’ona, nikitazama miguu yangu.

Akasogea. Pale alipokuwa amekaa, maji yakachomoza kati ya mbao.

Mke wangu akanikazia macho. “Lile tundu la nyuma la kutolea maji, ulilitia kizibo kabla ya kupigilia sakafu?”

Nikaanza kung’oa ubao.

“Kumbe si unene wangu,” akasema mama mkwe, akachukua sufuria na kuanza kuteka.