Nyayo za Mkwe

Shangazi yangu Domitilde alizijua nyayo za kila mtu wa Mierebi. Viatu vya theluji vya kijiji kizima alivisuka yeye, kamba za ngozi ndani ya fremu ya mbao, na kila jozi aliipa fundo lake ili asichanganye kazi. Ukikanyaga theluji, alama ya fundo inabaki. Alitoka asubuhi kuteka maji mtoni, akarudi na ndoo na habari: fulani hakulala kwake, fulani alikwenda dukani mara mbili na hakununua kitu.

"Shangazi, wewe ni polisi," nilimwambia siku moja.

"Polisi analipwa."

Msimlaumu peke yake. Kijiji chetu kilianza kama banda la kununulia ngozi ukingoni mwa mto, na babu zetu walijenga kulizunguka kwa sababu ndiko chai na baruti zilikopatikana. Mpaka leo kila ukoo una kisa chake cha ngozi nzuri ya biva, yule mnyama wa mtoni, ambayo mnunuzi aliiita mbovu. Tunamshuku hata padri akitusalimu mara mbili. Mimi nami simo nje ya hesabu hiyo.

Shangazi alipofiwa na mumewe aliendelea na njia yake ya mitego ng'ambo ya mto, peke yake, na umri ulikuwa miaka sitini na miwili. Binti yake wa pekee, Agathe, alikuwa amechukuliwa na ndege kupelekwa hospitali ya kifua huko kusini. Mume wa Agathe, Isidore, alibaki kwenye nyumba yao chini ya kanisa, kazi yake kubeba mfuko wa barua kwa sleji inayokokotwa na mbwa wake juu ya theluji, kutoka dukani hadi ndege inapotua juu ya barafu. Yeye na Shangazi hawakusemezana. Hapakuwa na ugomvi, ndiyo heshima yetu: mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi. Akiwa na neno, analipitisha kwa mkewe. Na mkewe hayupo.

Mwezi wa Januari vicheche wakaanza kupotea mitegoni.

"Mtego umefyatuka, damu ipo, manyoya mawili matatu, mnyama hayupo," Shangazi aliniambia, hata kofia hajavua.

"Na nyayo?"

"Za Isidore."

"Labda alipita tu."

"Mtego mmoja, alipita. Mitego tisa, Vitaline, alipita pia?"

"Si umuulize?"

"Nimuulize mimi? Unataka nivue nguo mbele ya kanisa?"

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunga Isidore. Nilikuwa nauza dukani, kwa hiyo nilimwona kila alipoingia. Akanunua waya mgumu, mwingi.

"Waya wote huo wa nini?" nikamuuliza.

"Kuna mgeni namtandikia kitanda." Akacheka. Mimi sikucheka, nikamtumbulia macho mpaka akaondoka. Jioni neno hilo lilikuwa kwa Shangazi, na kufikia Jumapili lilikuwa limezunguka kanisa zima.

Barua niliiandika mimi, kwa kuwa masista walinifundisha kalamu. Shangazi alisimama nyuma yangu. "Andika: Agathe, mumeo ananiibia. Usiulize nimejuaje, nyayo nimeziona kwa macho yangu." Ningeweza kusema tungoje kidogo. Sikusema. Nasema kweli, kalamu ilinikolea mkononi, nikajaza kurasa mbili za wizi.

Siku ya ndege Isidore akaja kuchukua mfuko.

"Ya mama imo?"

"Imo."

"Afadhali. Agathe atafurahi."

Akaufunga vizuri kwenye sleji usije ukalowa.

Siku mbili baadaye Shangazi alikuta mnyama mlangoni pake, ameganda kama gogo, waya shingoni. Ni yule mfupi mnene tunayemwita Mlafi, mwizi wa mitego tangu dunia ianze. Kando yake palikuwa na gunia, ndani yake vicheche saba, wale ambao Mlafi alikuwa amewaficha shimoni ale polepole. Shangazi alivuka mto, akapiga magoti kwenye njia yake, akaanza kupukuta theluji kwa vidole pembezoni mwa nyayo za mkwewe. Chini yake ukucha, na mbele ukucha tena. Isidore alikuwa akimfuata Mlafi hatua kwa hatua, na viatu vile vipana vilifunika kila alama ya mnyama.

Neno la Mlafi Isidore angeweza kunipa mimi nimfikishie Shangazi. Lakini kwa jicho nililokuwa nikimtolea pale dukani, nani angenipa neno?

Tukamwandikia Agathe barua ya pili, kwamba tulikosea. Ndege iliyokuja kuichukua ndiyo iliyoleta jibu la ile ya kwanza. Nikamsomea Shangazi pale pale juu ya barafu, mchana kweupe, watu wamejaa: "Mama, wewe hujawahi kukosea nyayo. Wakinitoa nitarudi kwako. Mwambie Isidore asinifuate."

Isidore alisimama kando ya mbwa wake akingoja barua yake. Hakuwa na barua.

Shangazi akamwendea. Isidore alipomwona anakuja, akavuta kofia ya koti usoni na kugeukia mto, kama adabu inavyotaka, na Shangazi akauambia mgongo wake yote: nyayo, barua, na jibu. "Kosa ni langu, mwanangu," alisema. Mimi nilitamani barafu ipasuke inimeze.

Isidore akaniambia mimi, bila kugeuka:

"Vitaline, muulize mama. Agathe amesema bado anakohoa damu?"

Nikaikunjua barua tena, nikaisoma mbele na nyuma. Hakusema. Wala sisi, katika kurasa zile mbili, hatukumuuliza.

"Basi nitakwenda kumuuliza mwenyewe," akasema. Akaniwekea mkononi kamba ya mbwa wake na kupanda ndege.